Uso Laini Kama Yai

Masasi,
14 Januari 2024

Dada Maria, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Kama una ndoo kichwani, itue. Habari niliyonayo haisomwi mtu akiwa amesimama.

Mimi Kasiani mdogo wako, mtoto wa katekista Nathanaeli, msomi wa darasa la saba B, ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Mtwara mpaka Tunduru. Nimeacha usukani. Sikufukuzwa, sikuchoka, sikugombana na tajiri. Nimeacha mwenyewe, kwa hiari, nikiwa bado juu. Miaka ishirini na miwili, Masasi–Newala, Newala–Masasi, basi limejaa watu, mbuzi na viroba vya mbaazi, na siku ya kuaga tajiri alitaka kulia. Akaniambia, "Kasiani, dereva mwenye macho kama yako nitampata wapi?" Nikamjibu, "Tafuta, tajiri wangu, utamkosa."

Sasa nafanya kazi gani? Napandisha watu milima. Usicheke! Haya mawe ya Masasi ambayo sisi tuliyaona ya kuanikia muhogo tu, kuna watu wanayapanda kwa kupenda. Wamekuja Wazungu, wamekuja walimu wa kutoka Moshi wanaosema kwao mlima ni ule mmoja tu. Mimi natangulia mbele na fimbo yangu. Na nyuki nimeanza kufuga, mizinga miwili. Mtu wa miaka arobaini na tisa, dada, lakini nikipanda vijana wanaomba tupumzike.

Jumamosi nilisimama kileleni Mkomaindo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, hewa imeoshwa. Niliuona ukingo wote wa Newala umelala kama ng'ombe, na juu yake, haki ya baba aliyelala kaburini, niliona moshi wa jikoni kwako Kitangari. Nikasema, Maria anapika mbaazi.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Baba alisema neno la ukoo liandikwe, likae kwenye lile sanduku lake la bati, maana simu haina ushahidi. Tena kwenye simu unanikatiza. Barua anakuletea Felix, aliyekuwa kondakta wangu. Mpe maji ya kunywa, usimpe maswali.

Ni mimi mwenye bahati,
Kasiani

*

Kitangari,
4 Februari 2024

Mdogo wangu Kasiani, marahaba.

Barua nimeisoma nimekaa, kama ulivyoagiza. Moshi wa jikoni kwangu? Tangu Novemba napikia gesi. Labda uliona moshi wa jirani ukamsingizia dada yako. Hata hivyo nimecheka mpaka Loveness akatoka chumbani kuuliza nina nini.

Ila kuacha kazi umri huu, bila kuniambia! Wifi yangu Violet amesemaje? Na huyo aliyechukua basi lako mumwambie aache mwendo. Mwezi wa kumi na mbili, pale kwenye kona, basi lilimgonga mzee Abdulkadiri aliyekuwa akisukuma baiskeli na madumu yake ya maji. Mzee aliruka, Mungu mkubwa, akachubuka goti tu. Baiskeli ikapinda na madumu manne yakapasuka. Unajua dumu la maji ni nini huku kwetu. Anamlaani dereva huyo kila asubuhi akipita hapa mikono mitupu.

Sasa neno lenyewe. Loveness amepata mchumba. Anaitwa Edson, wa Chiwata, fundi wa mashine za kupulizia salfa mikorosho. Wanataka kufunga ndoa Novemba, korosho zikishatoka na kabla Majilio hayajaingia. Mimi ni mama tu. Mtoto ni wako, wewe ndiye mjomba. Bila barua yako kusomwa mbele ya wazee wa pande mbili, hakuna ndoa. Unajua utaratibu wa ukoo: mjomba anamwona kijana kwa macho yake, halafu anaandika alichokiona usoni mwake. Marehemu mjomba aliandika kuhusu mume wangu kwamba ana masikio ya mtu anayesikiliza, na mpaka anakufa alikuwa hivyo. Kwa hiyo sitakuambia Edson yukoje. Utaona mwenyewe.

Njoo Pasaka.

Dada yako,
Maria

*

Masasi,
25 Februari 2024

Dada, shikamoo.

Loveness! Yule niliyembeba begani akanikojolea shati la sikukuu! Mwambie mjomba wake yupo, tena mjomba mwenye wadhifa. Novemba mtajua kwamba kuna mtu Masasi.

Kuhusu mzee Abdulkadiri nimesikitika mno. Madereva wa siku hizi, dada, wanafundishwa na simu. Mimi kona ile ningeipita nimefumba macho. Huyo mtoto aliyenirithi hana adabu, na nikimwona nitamwambia. Felix anamletea mzee madumu manne mapya na tairi la baiskeli. Si deni, ni bahati yangu tu inamwagika. Usiseme yametoka kwangu. Sema yametoka kanisani. Ni Mwislamu, najua, sema hivyo hivyo.

Milima inaendelea. Wiki hii nilipandisha familia nzima ya mhasibu, mke wake kavaa viatu vya visigino, nikamvusha jiwe kwa jiwe. Nyuki nao wamekwishanijua. Nikikaa chini ya mzinga najua wamefurahi au wamekasirika kwa mlio tu.

Violet hajambo. Anasema usimwulize chochote.

Pasaka nitajitahidi.

Kasiani

*

Kitangari,
5 Mei 2024

Kasiani,

Pasaka imepita, wewe hukupita. Tulikuwekea kiti. Nikolao, mtoto wa mama mdogo, akasema kwa utani, "Mjomba mkubwa yuko kileleni, anatutazama." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini kiti sikukiondoa. Kutoka Masasi mpaka hapa ni barabara uliyoipita miaka ishirini na miwili. Leo imekuwa ndefu?

Tena jambo jingine. Mbona siku hizi unaandika herufi kama tangazo la mkutano wa kijiji? Barua yako ya mwisho ilikula karatasi sita, mistari mingine imepanda juu ya mwenzake. Loveness anasema mjomba anaandika akiwa juu ya mlima, upepo unamsukuma.

Mzee Abdulkadiri amepata madumu. Aliuliza kanisa gani, nikashindwa kujibu. Anamwombea dua mtoaji, na bado anamlaani dereva. Kwa hiyo huyo dereva wako mrithi anapata mambo yake.

Kwa kuwa hutaki kupanda, Edson atashuka. Jumamosi ya tarehe 22 Juni atakuwa kwako asubuhi, peke yake, kama desturi inavyotaka. Mwone. Mpe muda. Halafu andika barua ya mjomba, uifunge, isifunguliwe mpaka siku ya kikao. Wazee wa Chiwata wanakuja hapa Agosti.

Kasiani, kwa hili usifanye mchezo. Loveness ana miaka thelathini na mmoja. Amengoja mtu wa kweli, na huyu ndiye.

Maria

*

Masasi,
30 Juni 2024

Dada Maria, shikamoo.

Hii ni barua yako, ya pembeni. Ile ya kikao iko ndani ya bahasha ya kaki, nimeifunga kwa gundi na kuilalia usiku mzima ili ishike.

Kwanza nipongeze: mimi ni babu! Grace amejifungua Mtwara, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Violet yuko huko tangu tarehe kumi, atamaliza siku arobaini ndipo arudi. Wanasema mtoto amenifanana. Maskini! Mwanamume wa kwanza mzuri katika familia baada yangu. Mimi nimebaki peke yangu na nyuki, najipikia, naunguza, nakula.

Pili, Edson alikuja. Tulikaa kuanzia chai mpaka karibu na mchana. Alikaa mlangoni, pale penye mwanga, mimi kitini kwangu. Nimempenda, dada. Bahasha inasema yote. Nimeandika barua ambayo wazee wa Chiwata hawajawahi kuisikia tangu wazaliwe. Marehemu mjomba na masikio yake akasome huko aliko.

Kwenye kikao mniwakilishe. Ningekuja, lakini Agosti nina wageni wa mlimani, wamekwishajiandikisha.

Babu wa Mtwara,
Kasiani

*

Kitangari,
18 Agosti 2024

Kasiani,

Sikusalimu. Soma.

Jana wazee wa Chiwata walikuja watu tisa. Mbele alikaa mzee Humphrey, mjomba wa Edson, na shangazi yake, Mama Perpetua. Edson alikaa katikati yao, kavaa shati jeupe. Loveness alikuwa mlangoni kwa chumba chake, nilimwona vidole vya miguu. Walikula, wakasifu ming'oko yangu ya kuchemsha, wakasifu nyumba. Nikolao akafungua bahasha yako, akasimama, na unajua sauti ya Nikolao, ya kusoma somo la kwanza kanisani. Akasoma:

"Mimi Kasiani, mjomba wa Loveness, nimemwona Edson kwa macho yangu haya mawili. Uso wake ni laini kama yai. Hauna doa, hauna mkunjo, kama Mungu alimaliza kumwumba jana jioni. Mwenye uso kama huu hana alichoficha."

Kasiani. Yule kijana ana kovu la moto kuanzia sikio la kushoto mpaka kidevuni. Sikio lenyewe limesinyaa kama ganda. Alikuwa na miaka tisa, wanakaanga korosho kwenye bati, mafuta ya ganda yakalipuka yakamrukia. Hakuna mtu mwenye macho anayekaa na Edson hata dakika moja asilione. Hakuna.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko cha pua. Mama Perpetua akasimama, akasema taratibu, "Huyu mjomba wenu ni mcheshi. Tumesikia sifa zake, kumbe ni kweli. Mtoto wetu aliungua akitutafutia chakula. Leo Newala wamepata cha kuchekea." Nikasema, "Mama, tafadhali, kaa." Akasema, "Nimekaa miaka ishirini na tano nikimwambia mtoto huyu kwamba watu hawamcheki. Sasa nitamwambia nini njiani?"

Mzee Humphrey akachukua kofia yake. Edson alikuwa ameshika shavu kwa kiganja, kama mtu anayeumwa jino.

Sasa nichagulie wewe. Ama Edson alipokuja ulikuwa umelewa au hukuwepo, ukaandika tu kama unavyoandika moshi wa jikoni kwangu. Ama ulimwona vizuri, ukaona hapa ndipo pa kuchekesha watu. Mimi nimejaribu kutafuta la tatu, sikulipata.

Tangu umeacha usukani umekuwa mtu mkubwa. Huji Pasaka, huji kikaoni, una wageni wako. Sawa. Lakini Loveness hajala tangu jana. Anasema, "Mjomba hakutaka hata kumtazama."

Nikolao yuko tayari kusimama badala yako, kama kutakuwa na cha kusimamia.

Maria

*

Chiwata,
1 Septemba 2024

Mjomba Kasiani, shikamoo.

Naandika bila kutumwa na mtu. Shangazi akijua atanikasirikia.

Nimewaambia watu wa kwetu kwamba siku ile ulinipokea. Nimewaeleza ulivyonishika mikono yote miwili ukapapasa kidole kimoja kimoja ukasema, "Huyu fundi kweli, huyu si fundi wa maneno." Ulivyonimiminia chai mpaka ikamwagika mezani, ukacheka ukasema kwako neema hufurika. Hawaniamini. Wanasema natetea posa yangu.

Mjomba, nikueleze jambo ambalo Loveness peke yake ndiye analijua. Kila mtu anayekutana nami mara ya kwanza, macho yake huenda shavuni, halafu hurudi haraka, halafu hujifanya hayakwenda. Hata wachungaji. Hata watoto, ila wao hawajifanyi. Nimezoea, nayangoja yaende yarudi ndipo mazungumzo yaanze. Kwako nilingoja. Hayakwenda. Ulinitazama katikati ya uso saa nzima na zaidi, ukaniuliza habari za mashine, za mama yangu, za vitu ninavyoviogopa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninachoogopa.

Kwa hiyo barua iliposomwa niliumia, sikatai. Lakini usiku nikaifikiri. Nadhani uliliona kovu ukaamua kwamba halihesabiki, ukaandika uso ambao wewe ulichagua kuuona. Kama ndivyo, basi ni barua kubwa kuliko zote nilizowahi kusomewa, na wao ndio hawakuielewa.

Kama ndivyo, waambie tu.

Mimi mwanao,
Edson

*

Kitangari,
22 Septemba 2024

Baba Grace,

Hujanijibu wiki tano. Hujawahi kunyamaza wiki tano tangu ulipojua kusema.

Edson alikuja hapa Ijumaa. Alinieleza alivyokuandikia. Nililia mbele ya kijana ambaye hajawa mkwe wangu. Kumbe la tatu lilikuwepo, na aliyeliona ni yeye. Kama ndivyo ilivyokuwa, mdogo wangu, nisamehe maneno yangu. Moyo wako naujua ni mkubwa kuliko mdomo wako, na mdomo wako wote tunaujua.

Mzee Humphrey amekubali kukaa tena. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, hapa hapa kwangu. Mama Perpetua atakuja, ila amesema hatakula mpaka asikie. Andika hivyo hivyo alivyosema Edson: kwamba uliliona kovu, ukaona halihesabiki. Mistari miwili inatosha. Nikolao ataisoma, mambo yataisha, na Novemba utasimama kanisani na mtoto wako.

Usipoandika, Nikolao ndiye mjomba. Jina lako halitatajwa, wala kwa mabaya.

Mistari miwili, Kasiani.

Dada yako,
Maria

*

Masasi,
6 Oktoba 2024

Barua ya mjomba, ya pili. Isomwe kwa sauti, mbele ya wote, mpaka mwisho. Nikolao, usiruke kitu. Na usisome kama somo la kanisani, soma kama mtu.

Mzee Humphrey na wazee wa Chiwata, shikamooni. Mama Perpetua, shikamoo peke yako. Dada Maria, shikamoo. Loveness, Edson, wanangu.

Karatasi ni nyingi, naona mmeshangaa. Kila karatasi ina mistari mitano. Violet ananiwekea kipande cha boksi ili mstari usipande juu ya mwenzake. Alitaka aniandikie yeye, nikakataa, maana neno la ukoo mtu huandika kwa mkono wake.

Dada, ile mistari miwili uliyoomba niliandika. Ilikuwa mizuri sana. "Niliona kovu nikaona halihesabiki." Nikamwomba Violet anisomee, nikajipenda. Nikasema, Kasiani, umeokoka tena, mtu mwenye bahati! Nusu ya Newala watakulilia. Nikaikunja. Felix akaja kuichukua, nikamwambia bado gundi. Akaja siku ya pili, bado gundi. Siku ya tatu nikaichana.

Niliichana kwa sababu ya Edson. Mwanangu, ulisema hakuna mtu ambaye macho yake hayakwenda shavuni kwako isipokuwa mimi. Ungelibeba neno hilo maisha yako yote. Ungemwambia mtoto wako kwamba alikuwepo mtu mmoja Masasi. Halafu siku ya harusi ningekuja kukupongeza, nikampa mkono kaka yako nikidhani ni wewe.

Sikuliona kovu lako. Sikuchagua kutoliona. Ulikaa mlangoni, nyuma yako jua, na mimi nilichokiona ni kitu cheusi chenye umbo la mtu. Hata mwanga ungekupiga usoni ingekuwa hivyo hivyo. Uso ule laini kama yai niliutunga baada ya wewe kuondoka, kwa kuwa desturi inadai uso, na mimi sikuwa nao. Nikasema kijana anayeongea kwa upole hivi bila shaka ana uso mzuri. Halafu nikaongeza chumvi, kama kawaida yangu. Violet alikuwa Mtwara, hapakuwa na mtu wa kunizuia. Mama Perpetua, sikumcheka mtoto wako. Lakini nilimwumiza mbele ya watu, na aliyemwumiza ni mdomo wangu, kwa hiyo kasirika, una haki.

Macho yangu yamekwisha. La kushoto lilikufa mwaka jana. La kulia limebaki kama kioo cha dirisha la choo, unajua kuna mtu, hujui ni nani. Daktari alisema ni presha ya macho, nilichelewa. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa naendesha basi, na nilijua wakinipima wataninyang'anya ufunguo. Miezi minane nilikuwa naendesha kwa kuizoea barabara. Felix alikuwa akinong'ona, "Bosi, kuna mtu kushoto. Bosi, ng'ombe." Watu sitini nyuma yangu wanaimba.

Mzee Abdulkadiri aitwe. Kama hayupo, dada, nenda mwenyewe nyumbani kwake. Hakuna dereva mrithi aliyemgonga. Ni mimi. Nilisikia chuma kikigonga chuma na maji yakimwagika, nikadhani nimepasua rejeta. Mpaka Felix aliponiambia ni mtu. Halafu nikamsingizia kijana wa watu ambaye wakati huo hata hajaajiriwa. Madumu ni yangu, na kanisa halihusiki. Dua zake amrudie Mungu azichukue, laana zake azilete Masasi, anwani ndiyo hii.

Sasa mzee Humphrey, swali lako nalijua. Mjomba asiyeona ataandikaje "nimemwona"? Hawezi. Neno hilo kwenye ile barua ya kwanza ni uongo, na naomba barua hiyo itolewe kwenye sanduku la baba, isilale na za watu wa kweli.

Lakini nitawaambia ninachokijua bila macho, mkipime wenyewe. Mikono ya Edson ina sugu kwenye viganja, na kucha ya dole gumba la kulia imepasuka katikati. Akiulizwa swali hanyamazi kutafuta jibu zuri, anajibu hata kama linamwaibisha. Nilimwuliza anaogopa nini. Akasema anaogopa watoto wake watamwonea haya shuleni. Wakati ule sikuelewa kwa nini mtu aogope hivyo. Na mlango wangu ulikuwa unalia tangu Pasaka, kila anayeingia anausema. Edson hakuusema. Alipoondoka, nikaufunga nyuma yake, haukulia. Sijui aliushughulikia saa ngapi, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikijisifu.

Hicho ndicho ninacho. Nimemshika, nimemsikia, na mlango haulii. Kama kwa ukoo wetu kinatosha, mimi ndiye mjomba na Novemba nitakuja, mtu anishike mkono kwenye ngazi za kanisa. Kama lazima mjomba awe na macho, Nikolao ana manne pamoja na miwani, na asimame. Sitanuna. Loveness, nitanuna kidogo.

Dada Maria, mwisho ni wako, ila wote wasikie, maana wote walisikia majigambo yangu.

Ile barua ya Januari ya mtu mwenye bahati. Tajiri hakulia. Alinipeleka uani, akanionyesha gari lililosimama hatua kumi, akasema nisome namba. Nikasoma. Akasema, "Hiyo ni namba ya basi lako, Kasiani, umeikariri," akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Wazungu hawakuja. Mke wa mhasibu hakuwepo, wala visigino vyake. Mlima niliujaribu mara moja, na Violet, tukafika kwenye jiwe la tatu nikakaa nikashindwa kupanda na kushuka, akaniteremsha kwa makalio kama mtoto. Kazi yangu sasa ni kubangua korosho barazani na wanawake sita, kwa kupapasa, na mimi ndiye ninayevunja nyingi kuliko wote. Nyuki tu ndio wa kweli.

Kileleni Mkomaindo sijawahi kufika. Na moshi wa jikoni kwako sikuuona, dada. Sikuona kitu.

Kasiani